Maswali ya Wasomaji: Pell Grant, nani anapata?

SWALI: Tuliingia Marekani kama wakimbizi, sasa tuna kadi ya kijani. Binti yetu anaanza chuo. Jirani anasema Pell Grant ni ya raia tu, tena ni mkopo. Kweli? – Mama, Ohio

JIBU: Yote mawili si kweli, mama. Mwenye kadi ya kijani anastahili, hata mkimbizi ambaye bado hajaipata. Mwenye viza ya masomo ya F-1 ndiye hapati. Ni ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa chuo wenye kipato kidogo, si deni. Kwa mwaka wa masomo 2025-26 kiwango cha juu ni dola 7,395.

Binti ajaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kwenye StudentAid.gov. Ni bure, usimlipe mtu. Wengi hukwama kwa mzazi: lazima afungue akaunti yake, kwa barua pepe tofauti na ya mtoto, na aridhie taarifa zake za kodi zichukuliwe IRS, idara ya kodi ya Marekani. Asiporidhia, mtoto hapati hata senti ya ruzuku hii. Tarehe ya kuzaliwa ifanane na iliyoko Social Security, hata ile 1 Januari waliyoandikiwa wakimbizi wengi.

Kinachoangaliwa ni mapato ya miaka miwili nyuma. Kwa 2026-27 ni ya 2024. Kama tangu hapo umepoteza kazi, peleka ushahidi ofisi ya misaada ya fedha chuoni, waombe wakokotoe upya.

Akisoma krediti 9 badala ya 12, hupata asilimia 75. Akiacha masomo kabla ya asilimia 60 ya muhula, sehemu hurudishwa, na hapo ndipo deni huzaliwa.