Maswali ya Wasomaji: Kizito, Bakhita na Askofu Spiss

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Ninafundisha watoto wa Kipaimara huku Ndanda. Walipokuwa wakichagua watakatifu wasimamizi wao, mmoja aliuliza ni nini kinachowaunganisha watu wasiofanana kama Mtakatifu Kizito, aliyeuawa, na Mtakatifu Bakhita, aliyekufa kwa uzee. Mwingine aliuliza kama Askofu Cassian Spiss, aliyeuawa wakati wa Maji Maji, naye ni mtakatifu. Niwajibu nini?
Katekista, Masasi

JIBU: Milele amina. Kizito alikuwa mtumishi wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kijana wa miaka kama 14, aliyebatizwa na Karoli Lwanga siku chache tu kabla ya wote wawili kuchomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Bakhita alitekwa Darfur, Sudan, akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, na bibi mmoja aliyemmiliki akaamuru achanjwe chale zaidi ya 100 na kusuguliwa chumvi kwenye majeraha (wala hizo hazikuwa chale za urembo kama za wazee wetu wa Kimakonde). Baadaye akawa mtawa mjini Schio, Italia, akipika, akishona na kuwafungulia wageni mlango, hadi alipofariki mwaka 1947.

Kwa maoni yangu hawaunganishwi na mateso, maana wengi huteswa wakabaki na chuki. Wanaunganishwa na kumshika Mungu pasipo kumchukia mtu, hata Bakhita alisema kwamba angekutana na waliomteka angepiga magoti na kuwabusu mikono.

Kuhusu Askofu Spiss, Kanisa halijamtangaza mtakatifu. Alichomwa mikuki tarehe 14 Agosti 1905 huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabradha wawili na masista wawili wa Kibenediktini. Ugumu uko hapa: ili mtu aitwe shahidi haitoshi kwamba aliuawa akiwa katika kazi ya Kanisa, bali yapasa awe ameuawa kwa sababu ya imani, na wapiganaji wa Maji Maji walikuwa wakiupinga utawala wa Wajerumani uliowatoza kodi na kuwalimisha pamba kwa nguvu. Nani atasema kama mkuki ule uliulenga msalaba wake au rangi yake? Hata Padre Maximilian Kolbe, aliyejitolea kufa badala ya baba wa familia katika kambi ya Wanazi ya Auschwitz mwaka 1941, alitangazwa mwenye heri (hatua ya kabla ya utakatifu) mwaka 1971 kama muungama, yaani aliyeishi imani bila kuhesabiwa kuwa aliuawa kwa ajili yake, na ndipo mwaka 1982 alipotangazwa mtakatifu kama shahidi.

Hata hivyo, mtoto akilipenda jina la Cassian, mwandikie bila wasiwasi. Yupo Mtakatifu Cassian wa Imola, mwalimu ambaye mapokeo husema aliuawa na wanafunzi wake mwenyewe kwa kalamu zao za chuma, ingawa huenda wewe katekista usipende kuwasimulia sehemu hiyo.