Kuchora Wanyama wa Baharini Ukiwa Dodoma: Ushauri kwa Wanaoanza

Anayejifunza kuchora wanyama wa baharini akiwa Dodoma hukutana nao kwanza ndani ya kasha la barafu sokoni, na hali hiyo ndiyo inayoamua namna atakavyofanya kazi. Msingoje safari ya Tanga au Bagamoyo ndipo mshike penseli. Nunueni kibua mmoja katika soko la Majengo, mumlaze kwenye sinia lililotandikwa kitambaa kibichi, kichwa kikielekea kushoto kama ilivyo desturi ya michoro ya samaki, kisha mhesabu kabla ya kuchora.

Nyuma ya pezi la pili la mgongoni, kibua ana vipezi vidogo vitano vinavyofuatana kuelekea mkiani, na upande wa chini ana vingine vitano. Mchoro wenye vinne, hata ukipendeza namna gani, ni mchoro wa samaki asiyekuwepo. Hewa yetu kavu hukausha vipezi hivyo upesi na kuvigandamanisha na mwili, kwa hiyo nyunyizeni maji mara kwa mara na kuvinyanyua kimoja kimoja kwa ncha ya sindano. Urefu wa kichwa na kimo cha mwili vipimwe kwa bikari, kwa kuwa jicho hupenda kukuza kichwa. (Mkifanya haraka, kibua bado atafaa kukaangwa.)

Rangi ndiyo inayotusumbua zaidi sisi wa bara. Mistari inayopita kwenye mgongo wa kibua hung'aa kama dhahabu akiwa ametoka majini, kisha hugeuka kuwa myeusi. Basi anayepaka rangi kwa kumtazama samaki aliyekaa siku kadhaa kwenye barafu anapaka rangi za mzoga. Pweza ni mgumu zaidi, maana akiwa hai hubadili rangi na hata umbile la ngozi kwa muda mfupi sana. Kwa sababu hiyo nashauri michoro ya mwanzo iwe ya wino mweusi, na kivuli kipatikane kwa vidoti vinavyosongamana au kuachana, si kwa kusugua penseli. Kwa pweza, tafuteni kwanza yale yasiyobadilika: dume, kwa mfano, hutambulikana kwa mkono wa tatu wa kulia, ambao ncha yake haina vikombe vya kunatia.

Anayedharau mchoro usio na rangi amkumbuke Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho wa East London, Afrika Kusini. Desemba 1938 alikuta samaki wa ajabu katika shehena ya meli ya uvuvi, akamchora na kumpelekea mtaalamu J.L.B. Smith mchoro huo kwa barua. Haukuwa mchoro wa fundi, lakini ulionyesha mapezi yenye shina la nyama na kipande kidogo cha ziada katikati ya mkia, na hayo yakamtosha Smith kushuku kuwa anatazama silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa ametoweka tangu zama za dainosaria. Samaki wa jamii hiyo hupatikana pia Tanga, ambako hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 2009. Kwa upande mwingine, michoro ya yavuyavu ya Ernst Haeckel, mwanabiolojia wa Ujerumani, inavutia mno, ila kwa maoni yangu inafundisha mpangilio wa ukurasa kuliko maumbile, kwa jinsi alivyopenda ulinganifu.

Mchoro ukikamilika, wekeni mstari wa kipimo wa sentimita kadhaa badala ya kuandika kwamba umekuzwa mara mbili. Ukurasa ukipunguzwa, mstari hupungua pamoja na samaki, ilhali maandishi hubaki yakidanganya. Jina la kisayansi la kibua, Rastrelliger kanagurta, liandikwe kwa mlazo baada ya kuhakikishwa, likifuatiwa na tarehe na mahali samaki alikovuliwa. Hapo itabidi mmuulize muuzaji mzigo umetoka wapi, kwa sababu soko la Dodoma ni mahali aliponunuliwa tu.