Mkeka wa pima 26, au jinsi nilivyopata hobi katikati ya kulea

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mama wa watoto watatu, aliona picha ya mkeka niliousuka akaniandikia swali ambalo nimeshaulizwa mara nyingi kwa sauti isiyo na upole kama wake: "Dada, muda wenyewe unaupata wapi?" Nimeona nimjibu hapa kwa urefu, kwa kuwa najua hayuko peke yake, na kwa kuwa, niseme kweli, mkeka huo ni wa kwanza kuukamilisha maishani mwangu na bado sijachoka kuuzungumzia.

Kabla yake nilishindwa mara mbili. Kwanza nililipia mazoezi ya viungo ya miezi mitatu katika ukumbi ulio karibu na kazini, nikahudhuria mara nne. Kisha nikanunua cherehani, nikiamini kwamba jioni nitashona magauni ya binti zangu. Lakini cherehani inataka meza, inataka mwanga, na kitambaa kilichokwisha kukatwa hakipendi kuachwa sebuleni. Siku niliyokuta mtoto wangu wa mwisho amechora gari kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha mgongo wa gauni, nililia kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. Wakati huo nilidhani tatizo ni uvivu wangu. Sasa naamini kwamba nilichagua shughuli zinazodai saa mbili zisizokatizwa, na mzazi anayeondoka Kimara alfajiri na kurudi giza limeingia hana saa mbili za namna hiyo. Ana robo saa hapa, dakika ishirini pale, wakati wali unakauka maji.

Ukili, ule utepe wa kutengenezea mkeka, ulinijia bila kuutafuta. Nilikwenda kwetu Pangani kumwuguza mama, nikamkuta anasuka hapo hapo kitandani, kwa sababu mikono yake haijui kukaa bure. Alinipa ncha nimshikie, akasinzia, nami nikajikuta naendelea, vidole vikikumbuka kitu nilichofundishwa nikiwa na miaka tisa. Asubuhi aliitazama kazi yangu, akaifumua yote kimya kimya, kisha akanirudishia chane. Nilirejea Dar es Salaam na mzigo mmoja wa ukindu.

Kwa asiyejua, ukindu ni majani machanga ya mkindu yaliyokaushwa, ambayo huchanwa chane nyembamba, hulowanishwa kidogo yasikatike, na kusukwa utepe mrefu uitwao ukili, halafu ukili huo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana wa mkeka utimie. Faida yake kwa mzazi imo katika utepe huo. Mtoto akiita, unabana ncha kwa kibanio cha nguo, unauviringisha ukili, unauweka juu ya kabati. Ukirudi baada ya saa moja au baada ya siku nne, unaanzia pale pale ulipoishia. Mimi nilisuka kama nusu pima kwa wiki (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), pengine pungufu ya hapo watoto walipokuwa na mitihani, na mkeka mzima ulikula pima 26, yaani mwaka mmoja na kitu. Ukindu wa rangi niliuchemsha mwenyewe Jumapili moja, na sufuria yangu ya wali imebaki na mduara wa zambarau mpaka leo. Tengeni sufuria ya rangi.

Maneno hayakukosekana. Wifi yangu alinikuta nasuka, akacheka mbele ya wageni kwamba msomi wa chuo kikuu amerudi kwenye kazi za bibi yake, wakati mikeka ya plastiki imejaa Kariakoo. Sikumjibu, na mpaka leo najuta kutomjibu. Mume wangu hucheza bao barazani kila Jumamosi, akarudi akitusimulia jinsi nyumba yake, lile shimo kuu la bao, ilivyoliwa mapema na kete zote zikaenda upande wa pili, wala sijawahi kusikia mtu akimwuliza muda ameupata wapi.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, usisubiri watoto wakue, kwa maana watakua nawe utakuwa umesahau ulichokuwa ukikipenda. Chagua kazi inayokubali kuachwa. Narudia: iwe inakubali kuachwa, iwe inaingia kwenye kikapu, na isikudai chumba wala ada. Usiombe ruhusa ya kukaa chini kwa robo saa. Na watakapokushauri uigeuze kuwa biashara, kama kwamba furaha ya mwanamke haina uhalali mpaka ilete fedha, wasikilize kwa adabu huku ukiendelea kusuka.

Jumapili iliyopita tuliutandika mkeka chini ya mwembe, na wifi yule yule akaukalia mchana kutwa, akipitisha kiganja kwenye mistari ya zambarau. Wakati wa kuondoka aliniuliza nauza kiasi gani. Nilimwambia hauuzwi.