Filamu ya Chumba Kimoja Hubebwa na Nini?

SWALI: Mhariri, nimetazama Key Largo, filamu ya uhalifu ya mwaka 1948. Karibu yote imo ndani ya hoteli moja, na watu huzungumza kama walio jukwaani. Mbona basi sikuweza kubanduka?

JIBU: Ndugu msomaji, umeona sawasawa: mwongozaji John Huston aliitoa katika tamthilia ya Maxwell Anderson, na mazungumzo ya mwanzoni, nakubali, yanakokota miguu. Kinachoibeba ni waigizaji. Mtazame Claire Trevor, anayeigiza mlevi anayelazimishwa na jambazi Rocco kuimba bila ala yoyote ndipo apewe kinywaji. Sauti inaanza kwa majivuno ya zamani, kisha inapwaya na kukwaruza, huku macho yakiomba huruma ambayo Edward G. Robinson, anayeigiza Rocco, hampi. Anamnyima hata hicho kinywaji, na Humphrey Bogart anapommiminia mwanamke huyo, Bogart ndiye anayepigwa makofi na Rocco, na kuyapokea bila kuyarudisha. Hapo kuta za hoteli, ambazo kwingineko huibana hadithi, zinageuka faida, kwa kuwa hakuna pa kukimbilia wala pa kugeuzia uso. Trevor alipata Oscar, na kwa maoni yangu aliistahili kwa wimbo huo pekee.