Springi Imepinda Kama Ndizi Kwenye Kibanio

SWALI: Mafundi, salaam. Nabadilisha shokapu za mbele za gari langu dogo hapa nyumbani. Nimenunua kibanio cha springi, kile cha skrubu mbili ndefu zenye kulabu. Shokapu nimeshaitoa kwenye gari, lakini nilipofika katikati ya kubana, springi ikaanza kupinda upande mmoja kama ndizi. Nimeiacha hivyo hivyo. Jirani ananiambia nifungue tu nati ya juu, itatoka yenyewe. Nifanyeje?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Nati ya juu usiiguse. Kweli itatoka yenyewe, na mauntingi (kile kikalio cha juu kinachofunga shokapu kwenye mwili wa gari) itatoka nayo kuelekea usoni kwako. Nati hiyo ya katikati ndiyo pekee inayoizuia springi kufyatuka, kwa sababu hata shokapu ikiwa mezani springi bado imebanwa. Ukiongeza kuibana kwa kibanio, nguvu inayokaa humo hufika uzito wa watu wazima kadhaa.

Kwanza iondoe kwenye hali hiyo. Ilaze chini, kaa ubavuni mwake, ncha zote mbili za springi zisielekee mtu wala mlango. Upande wa ndani wa ule mpindo ndio uliobanwa zaidi. Legeza skrubu ya upande huo nusu mzunguko kwa nusu mzunguko mpaka pande mbili zilingane, ndipo ulegeze zote kwa zamu hadi kulabu ziachie. Usigonge kulabu kwa nyundo ili iteleze.

Springi hupinda kwa sababu tatu, na mara nyingi zinakuja pamoja: kulabu hazikutazamana sawasawa, upande mmoja umeshika mizunguko ya waya mingi kuliko wa pili, au umekaza skrubu moja muda mrefu ukaisahau nyingine. Zipange zitazamane kama mshale wa saa sita na wa saa kumi na mbili. Kila upande ushike idadi ileile ya mizunguko, minne au mitano kama springi inaruhusu. Ukishika miwili tu, utaibana mpaka mizunguko ya waya igusane yenyewe kwa yenyewe, na springi haitalegea kwenye shokapu. Kibanio chenye pini za usalama, zifunge zote kabla ya mzunguko wa kwanza.

Safisha nyuzi za skrubu kwa brashi, paka grisi, na chini ya kichwa cha skrubu pia. Skrubu kavu hujila nyuzi zake ikiwa imebeba mzigo. Kaza kwa racheti ya mkono, mizunguko miwili huku, miwili kule, ukipima kwa futi kamba urefu wa pande zote mbili. Mashine ya upepo iache: inapasha moto nyuzi, na mkono wako hauhisi kulabu inapoanza kuteleza. Springi ikianza kuchezacheza kwenye kikombe chake, yaani bakuli la chuma inamokalia, acha hapohapo. Kuendelea ni kuichosha skrubu bure.

Sasa ndipo nati ya katikati inafunguliwa. Fimbo ya shokapu huzunguka na nati, kwa hiyo ishike kwa aleni kii (ufunguo wa pembe sita) inayokaa vizuri kichwani mwake, nati uifungue kwa spana ya pete. Koleo kwenye fimbo inayong'aa ni kosa la kawaida sana; mkwaruzo mdogo hukata sili, na shokapu mpya inaanza kuvuja mafuta.

Kabla ya kurudisha, zungusha beringi ya mauntingi kwa mkono. Ikikwaruza, ibadilishe sasa, maana baadaye utaifungua kazi yote upya. Angalia stopa ya mpira na kifuniko cha vumbi. Shokapu mpya ya mafuta isimamishe wima, uivute na kuisukuma mara nne au tano kutoa hewa. Ncha ya springi ikae kwenye kidato chake kikombeni, halafu kaza nati mpya mpaka mwisho ndipo ulegeze kibanio, tena kwa zamu.

Springi yenye ufa au kutu iliyokula waya usiibane kwa kibanio hiki. Ipeleke gereji yenye mashine ya kubania ya kusimama. Na shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, kisha gari likapimwe alaimenti, yaani mkao wa tairi.

SWALI: Napanda Kibosho kila siku, springi za nyuma zimelala. Je, nazo lazima kibanio?
Msomaji, Soweto, Moshi

JIBU: Chungulia chini ya gari. Kama springi imevishwa juu ya shokapu, ndiyo, na maelezo ya hapo juu ni yako. Kama imesimama peke yake kando ya shokapu, juu ya ekseli, kwa kawaida huihitaji. Egemeza mwili wa gari kwenye stendi imara, si mawe wala tofali, na zuia tairi za mbele. Weka jeki chini ya ekseli, fungua bolti za chini za shokapu pande zote mbili, kisha shusha jeki taratibu mpaka springi zilegee na kutoka kwa mkono. Angalia paipu za breki na waya za sensa zisivutike; zikikaza, zifungue kwenye vishikizo vyake kwanza. Bolti zenye bushi za mpira zikaze mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, mpira hubaki umejisokota na huchanika mapema.