Jibu: Seli za plazima kwenye kinyama cha utumbo mpana

Ndugu, umeuliza kwa nini ripoti ya kinyama (kipande kidogo cha utando kilichokatwa ili kupimwa) imetaja seli za plazima, yaani seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, kujazana kwenye sehemu ya chini ya utando wa ndani wa utumbo, na kama dawa ya rituximab ingezimaliza.

Seli hizi si wageni pale. Utumbo wenye afya unazo tele, na nyingi hutengeneza kingamwili za IgA, zinazovushwa hadi kwenye ute ili kuwazuia bakteria bila kuchochea uvimbe. Cha kuangalia ni mahali zilipo. Kwa kawaida huwa nyingi juu na kupungua kadiri unavyoshuka. Zikijaa chini kabisa, kati ya vitako vya vitezi na msuli mwembamba wa utando, hiyo ni dalili ya mapema ya kolitisi ya vidonda (ugonjwa wa muda mrefu wa uvimbe na vidonda kwenye utumbo mpana), nayo husaidia kuitofautisha na maambukizi ya muda mfupi.

Katika ugonjwa huu aina ya kingamwili nayo hubadilika: IgG, aina nyingine ya kingamwili, huongezeka. Ikishikamana na bakteria, makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) huinasa na kumwaga TNF na IL-1β, kemikali zinazochochea uvimbe, uvimbe ukazidi.

Rituximab hulenga CD20, alama iliyo juu ya seli B (chimbuko la seli za plazima), ambayo seli za plazima zilizokomaa zimekwisha kuipoteza; kwa hiyo haiziui moja kwa moja. Ilijaribiwa kwa kolitisi ya vidonda na haikuonyesha manufaa ya wazi.

Muulize daktari kama neutrofili (seli nyeupe za damu zinazoashiria uvimbe ulio hai) zimeonekana pia. Hata kamera ikionyesha utando safi, seli hizi zikibaki chini hatari ya ugonjwa kurudi huwa kubwa zaidi, kwa hiyo tafadhali usiache dawa za kuutuliza kwa uamuzi wako mwenyewe.