Maiki ya kichwani: kagua waya kwanza, sauti baadaye

Ukikabidhiwa mitambo ya kanisa au ya ukumbi wa mazoezi, kifaa kitakachokusumbua kuliko vyote ni maiki ya kichwani. Mhubiri anaruka, kiongozi wa sifa anatikisa kichwa, mwalimu wa mazoezi analoa jasho saa nzima, na mzigo wote huo unabebwa na kawaya chembamba kuliko kamba ya kiatu. Mnunuzi mgeni huivaa dukani, husema "haloo, haloo", akisikia sauti safi analipa. Lakini maiki mpya karibu zote zina sauti safi. Cha kuuliza ni kama bado itafaa baada ya miezi sita ya kuvaliwa na mtu asiyetulia.

Adui wake ni wawili: kupindapinda na jasho. Waya hukatikia pale unapoingia kwenye plagi, na pale unapotoka kwenye kishikio cha sikio, kwa kuwa hapo unapinda mahali palepale kila mtu anapogeuka. Nyuzi za shaba ndani hukatika mojamoja huku ngozi ya nje ikiwa nzima. Ndiyo maana maiki inakwaruza akigeuza shingo, akisimama wima inanyamaza, nawe unaishia kuhangaika na miksa isiyo na kosa lolote.

Kwa hiyo pendelea maiki ambayo waya wake unachomoka na unauzwa peke yake. Countryman E6 imeundwa hivyo. Kampuni ya DPA hutumia plagi ndogo iitwayo MicroDot, ambayo juu yake unafunga adapta ya transmita uliyonayo, yaani kile kijisanduku cha kiunoni kinachorusha sauti. Ukibadilisha aina ya transmita, unanunua adapta tu. Hizi ni ghali. Bajeti isiporuhusu, ni heri maiki mbili za bei ya kati kuliko moja ya bei kubwa ambayo waya wake haubadilishiki, maana ibada au darasa halisubiri fundi alete lehemu.

Jaribio la dukani ni hili. Chomeka maiki kwenye transmita, vaa hedifoni, mtu aongee mfululizo. Shika waya kwa vidole viwili, sentimita 2 kutoka kwenye plagi, uupinde taratibu kulia, kushoto, juu, chini. Rudia chini ya sikio. Ukisikia mkwaruzo hata mara moja, irudishe. Kisha tazama mpira unaokinga waya kwenye plagi: uwe laini, wa kupinda polepole pamoja na waya. Ukiwa mgumu kama kalamu, waya utavunjikia pale mpira unapoishia.

Jasho nalo lina njia yake. Tone hutoka kwenye nywele, hushuka shavuni, hufuata mkono wa maiki mpaka ncha, na hapo hukaa juu ya kitundu cha kunasia sauti. Ghafla msemaji anasikika kama amejifunika blanketi. Maiki haijafa, imeziba. Usipandishe vitufe vya sauti nyembamba (treble), maana tone likidondoka spika zitapiga yowe. Mfutie ncha, vitufe uviache vilivyo. Unaponunua, tafuta yenye kapete kadogo kwenye mkono kabla ya ncha, ambako tone hugonga na kudondoka. Ukiona IP57, alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji, kwenye maelezo, ile 7 ina maana kifaa kimepimwa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kwa mwalimu wa mazoezi, alama hiyo inastahili pesa ya ziada.

Transmita pia inaoga. Waya uning'inie kidogo chini ya plagi kabla ya kupanda mgongoni, ili jasho lidondokee kwenye mkunjo huo lisiingie kwenye plagi na kuacha chumvi inayoleta kutu ya kijani. Mafundi wa maigizo ya jukwaani huivisha transmita kondomu isiyo na mafuta, na inafanya kazi vizuri. Kanisani mfuko wa neoprini, kitambaa laini cha mpira, unatosha. Antena isikunjwe wala kugandamizwa kwenye ngozi, kwa sababu mwili hunyonya mawimbi.

Kwa kazi ngumu, maiki inayosikia pande zote huvumilia zaidi: ikisogea sentimita moja sauti haipotei, na pumzi haiipigi sana. Ila msemaji akisimama mbele ya spika italia. Hapo chukua inayosikia upande mmoja, na uhakikishe inaelekea mdomo. Zote mbili zikae kwenye pembe ya mdomo, si mbele yake.

Plagi zikifanana, usidhani nyaya za ndani zinafanana. Shure hutumia plagi ya pini 4, Sennheiser za evolution milimita 3.5 yenye skrubu, AKG pini 3. Seti za bei nafuu huziiga kwa nje na kubadilisha mpangilio wa ndani. Maiki ikiwa kimya au ikinong'ona na kuvuma, tafuta mchoro wa pini wa pande zote mbili kabla ya kushika lehemu.

Jihadhari na seti zilizotumika kutoka Marekani. Huko maiki zisizo na waya zilipigwa marufuku kwenye masafa ya 698 hadi 806 MHz tangu Juni 2010, na sehemu kubwa ya 614 hadi 698 tangu Julai 2020, hivyo zinauzwa kwa bei ya kutupa. Kwetu Afrika, kuanzia 694 MHz kwenda juu simu za mkononi zimepewa nafasi. Tafuta iliyo kati ya 470 na 694, usome namba kwenye transmita yenyewe, kisha uulize mamlaka ya mawasiliano: TCRA kwa Tanzania au, kwa Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano. Za 2.4 GHz hugawana anga na Wi-Fi na Bluetooth. Mchana ukumbi ukiwa mtupu zinaimba, watu wakijaa na simu zao zinakatakata.

Baada ya kazi toa betri, futa waya kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, fua sponji ya kwenye ncha kwa sabuni laini, na tundika maiki ncha ikiangalia chini. Usiizungushie transmita waya wake. Ukunje duara la upana wa kiganja, bila kuuvuta.